Nyaya za njia kuu za umeme ni alumini, si shaba: hatujapunjwa, na sababu ni hizi

#1 Fundi_Laini

Salaam wakuu.

Kuna kauli moja imenifuata miaka yote niliyofanya kazi ya laini. Tukishusha dramu la waya, mtu akauona ulivyo mweupe, lazima aseme: "Hii mbona si shaba? Wametuletea waya wa bei rahisi." Wiki hii nimeisikia tena, na safari hii aliyesema ni kijana wa umeme, shule kapita na cheti anacho. Nikaona nisiishie kumjibu juu ya nguzo. Nifungue uzi tuongee kwa nafasi.

Niseme msimamo wangu mapema. Alumini haikuwekwa kwenye njia kuu kwa kuwa shaba imekosekana. Imewekwa kwa kuwa kwa kazi ile ndiyo inayofaa zaidi. Kasoro za alumini zipo, ni za kweli, na zimewahi kuunguza nyumba za watu. Lakini ukizifuatilia moja moja, karibu zote utazikuta kwenye maungio. Waya wenyewe ukiwa umenyooka huko juu hauna neno.

Shaba inapitisha umeme vizuri kuliko alumini, hilo halina ubishi. Chukua waya mbili, urefu sawa, unene sawa: ile ya alumini ya kazi hii ina upitishaji wa asilimia 61 hivi ya ile ya shaba. Wengi wakifika hapo wanafunga daftari. Shida ni kwamba hesabu hiyo imelinganisha unene kwa unene, na waya wa njia kuu haulali mezani. Unaning'inia. Umeshikwa mnara huu na mnara ule, na katikati pale, mita 300 au 400, hakuna kinachoubeba ila nguvu yake wenyewe. Kwa hiyo swali la kwanza la mtu anayechora njia ni hili: kilo moja ya madini haya inanipitishia umeme kiasi gani?

Tupige hesabu. Kilomita moja ya shaba yenye eneo la milimita za mraba 100 ina ukinzani, yaani kile kinachouzuia umeme usipite, wa ohm 0.172 hivi, na uzito wake ni kama kilo 889. Sasa nataka alumini yenye ukinzani huohuo wa ohm 0.172. Lazima niongeze unene hadi milimita za mraba 164. Nikiupima uzito, napata kilo 443.

Rudia kuisoma hiyo. Kazi ileile, upotevu uleule wa umeme njiani, uzito nusu. Siri iko kwenye uzito wa madini yenyewe: sentimita moja ya ujazo ya shaba ni gramu 8.9, ya alumini ni gramu 2.7. Alumini inapoteza kidogo kwenye upitishaji, inarudisha mara mbili kwenye mizani.

Na uzito ukipungua nusu, haupungui kwenye waya peke yake. Mnara unapungua chuma, msingi wa mnara unapungua zege, vikombe vinavyoshikilia waya vinabeba mzigo mdogo, na minara inaweza kuachana zaidi. Kwenye njia ya kilomita 200 hesabu hiyo inajirudia kila baada ya mita mia tatu au nne.

Karibuni. Mwenye swali aulize, mwenye la kusahihisha asahihishe.

#2 Mdadisi_Mkimya

Mkuu shukrani, hesabu imeeleweka. Ila nina swali. Umesema unene unaongezeka kutoka 100 hadi 164. Waya ukinenepa si upepo unaukamata zaidi? Na ile plastiki ya kuufunika si itakuwa nyingi zaidi? Naona kama tulichookoa huku kinatoka kule.

#3 Fundi_Laini

Swali lina uzito, kaka. Unene una gharama na una faida, inategemea waya unakaa wapi.

Kwanza, waya wa njia kuu hauna plastiki kabisa. Uko uchi. Kinachoukinga usiguse mwenzake ni hewa iliyo katikati, na kinachoukinga usiguse mnara ni vile vikombe vya kauri au kioo. Kwa hiyo kunenepa kwake hakuongezi hata gramu moja ya plastiki. Kebo ya chini ya ardhi ndiyo yenye shida hiyo: kipenyo kikiongezeka, kila tabaka linaloifunika linaongezeka pia, na bomba au mtaro lazima upanuke. Ndiyo maana mahali penye nafasi finyu, kama ndani ya majengo na kwenye mabomba yaliyokwisha kuzikwa, shaba bado ina heshima yake.

Kisha, eneo likiongezeka mara 1.64 kipenyo kinaongezeka mara 1.28 tu. Waya wa shaba uliokuwa na kipenyo cha milimita 11.3 unakuwa wa alumini wa milimita 14.4. Upepo unaona kipenyo, hauoni eneo.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kwenye msongo mkubwa, yaani volti nyingi, unene ni msaada. Umewahi kupita chini ya njia kubwa usiku wa manyunyu ukasikia kama kitu kinakaanga juu, tsss, bila kukatika? Huo ni umeme unaovuja hewani, mafundi tunauita korona. Hewa ina kiwango inachovumilia, kiasi cha kilovolti 30 kwa sentimita, ikizidishiwa inaanza kupasuka na kupitisha umeme. Waya mwembamba unakusanya nguvu hiyo kwenye uso mdogo, ndiyo unaovuja sana. Waya mnene unaitawanya. Kwenye misongo mikubwa zaidi hata waya mmoja mnene hautoshi, ndiyo unaona nyaya mbili, tatu au nne zimefungwa pamoja kwa vishikizi kana kwamba ni waya mmoja mkubwa wenye tundu katikati. Wenye shaba zamani walifika mahali wakatengeneza nyaya za shaba zenye uwazi ndani, ili tu wapate kipenyo bila uzito. Alumini inakuja na kipenyo hicho yenyewe.

Kuhusu upepo uko sahihi, upepo ni adui. Ila anayeua waya wa alumini pole pole ni upepo mtulivu, unaovuma polepole bila kubadilika. Unaufanya waya utetemeke kidogo sana, mara nyingi kwa sekunde, kama uzi wa gitaa, saa hata saa, mpaka nyuzi zinaanza kukatika pale zinapobanwa kwenye kishikizi cha mnara. Waya mwepesi na mnene ndio unaotetemeka zaidi. Ukitazama karibu na mnara utaona vyuma viwili vidogo vimening'inizwa kwenye waya, kama dambeli. Vile ndivyo vinavyomeza mtetemo huo. Vinaitwa Stockbridge, jina la mhandisi wa Marekani aliyevibuni miaka ya 1920.

#4 Nuru_ya_Mwezi

Habari wadau. Mimi si fundi, ila nina macho. Alumini ni laini jamani, waya wake naukunja kwa vidole. Inakuwaje kitu laini hivyo kinajishika mita 400 hewani bila kukatika?

#5 Fundi_Laini

Dada umegusa kiini. Alumini peke yake kwa umbali huo kwa kweli ingehangaika. Ndiyo maana inapewa mgongo.

Ukikata waya wa kawaida wa njia kuu ukautazama kichwani, utaona nyuzi nyeupe zimezunguka nje, na katikati kuna uzi mmoja au saba za rangi ya kijivu iliyofifia. Zile za katikati ni chuma cha pua? Hapana, ni chuma kigumu cha kawaida kilichopakwa zinki kisishikwe na kutu. Chuma kinabeba uzito, alumini inabeba umeme. Kwa kifupi tunauita ACSR, herufi za Kiingereza za waya wa alumini ulioimarishwa kwa chuma, na umetumika duniani tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Nyaya hizi zina majina, na kwa anayezishika kila siku majina hayo ni kama ya watu wa nyumbani. Waingereza walizipa majina ya wanyama: Rabbit, Dog, Wolf, Lynx, Zebra. Wamarekani wakazipa ya ndege. Rabbit, yaani sungura, ina nyuzi sita za alumini zimezunguka uzi mmoja wa chuma, zote saba zina kipenyo cha milimita 3.35. Zebra, pundamilia, ina nyuzi 54 za alumini juu ya 7 za chuma, kipenyo cha jumla milimita 28.6, na kilomita moja yake ina uzito wa zaidi ya tani moja na nusu.

Kuna mtu atauliza kama chuma hakiharibu upitishaji. Hakiharibu, kwa sababu hakitegemewi kwa kazi hiyo. Ukinzani wake ni mkubwa mara nyingi kuliko wa alumini, kwa hiyo mkondo unapita nje kwenye alumini. Pia umeme wa mkondo geu una tabia ya kupenda uso wa waya kuliko moyo wake. Nilisahihishe hapohapo jambo linalosemwa vibaya: kwa umeme wa hezi 50 haukai kwenye ngozi tu ya waya. Kwenye alumini unazama kiasi cha milimita 12 kabla ya kufifia sana. Kwa waya mwembamba kama Rabbit tabia hiyo haina athari ya kutaja. Kwa nyaya nene sana ndipo moyo wa waya unakuwa mahali pa bure kuweka chuma.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote kwenye waya huu ni jinsi madini mawili yanavyopokezana kazi. Waya ukipata moto, alumini inarefuka karibu mara mbili ya chuma. Mita 100 za alumini zikipanda joto nyuzi 50, zinarefuka kama sentimita 11 na nusu. Chuma kinarefuka kama sentimita 6. Asubuhi ya baridi, alumini na chuma wote wamekaza, wanavuta pamoja. Mchana wa jua kali na mzigo mkubwa, alumini imerefuka mpaka imelegea, na chuma kimebaki kinavuta karibu peke yake. Kuanzia hapo waya unashuka kwa kufuata urefukaji wa chuma, si wa alumini. Jioni alumini inarudi kushika upande wake.

Kushuka huko si jambo dogo. Tarehe 14 Agosti 2003 njia kuu katika jimbo la Ohio, Marekani, zilishuka kwa mzigo na joto zikagusa miti ambayo haikuwa imekatwa. Njia moja ikazima, mzigo wake ukahamia nyingine, nayo ikashuka, na kufikia jioni watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada walikuwa gizani. Ndiyo maana tunagombana na miti chini ya laini, watu wakidhani ni ukorofi.

Nimeiacha alumini iliyochanganywa na magnesiamu na silikoni, ambayo ina nguvu ya kutosha kujishika bila chuma kwa umbali wa kiasi. Inafaa sana karibu na bahari, maana hakuna chuma ndani cha kuliwa na chumvi.

#6 Kichwa_Kigumu

Maelezo mazuri lakini mimi sijashawishika bado. Kama alumini ni nzuri hivyo, kwa nini ndani ya nyumba tunafunga shaba? Kwa nini kila fundi mzuri anakwambia usithubutu kuweka alumini kwenye soketi? Mimi mwenyewe nimeona kiungio cha alumini kimeyeyuka. Nimeona kwa macho yangu, sijasimuliwa.

#7 Fundi_Laini

Nami nimeona, mkuu, tena zaidi ya kimoja. Hapa hatupingani hata kidogo.

Marekani walilijaribu hilo kwa nyumba nyingi sana. Kati ya 1965 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 shaba ilipanda bei, mafundi wakaanza kufunga nyaya nyembamba za alumini kwenye soketi na swichi za nyumba. Soketi zenyewe zilikuwa zimetengenezwa zikiifikiria shaba. Baadaye tume yao ya usalama wa bidhaa ikatoa matokeo ya uchunguzi: nyumba zilizofungwa alumini kabla ya 1972 zilikuwa na uwezekano mara 55 zaidi wa kuwa na kiungio kilichofikia hali ya kuweza kuwasha moto, zikilinganishwa na zilizofungwa shaba.

Ona wanachosema: kiungio. Kilichoyeyuka mbele ya macho yako nacho kilikuwa kiungio.

Humu ndani kuna dada yetu Mama_Paneli, maungio ndiyo mkate wake wa kila siku. Dada, ukipita hapa naomba utuelezee kwa nini kinawaka. Utaeleza vizuri kuliko mimi.

#8 Mama_Paneli

Nimepita kaka, nilikuwa nasoma kimya kimya.

Alumini ina tabia tatu, na zote tatu zinakutana chini ya skrubu moja.

Ya kwanza ni ngozi yake. Ukiikwangua alumini ikang'aa, kabla hujaweka brashi chini imeshajifunika ngozi mpya. Ngozi hiyo ni nyembamba mno, unene wake unahesabiwa kwa sehemu chache za milioni za milimita, lakini ni ngumu na haipitishi umeme. Alumini yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi joto 660. Ngozi yake inataka zaidi ya 2,000. Hiyo ngozi ndiyo inayoifanya alumini isiliwe na mvua miaka na miaka huko juu, kwa hiyo siilaani. Ila ukibana waya juu ya ngozi, umeme unapita kwenye vitundu vichache tu pale ngozi ilipopasuka, na hapo panapata moto.

Ya pili, alumini inakimbia. Ukiibana kwa nguvu na kuiacha, inajisogeza pole pole kutoka chini ya skrubu, kama udongo wa kufinyanga unaobanwa kwa siku nyingi. Skrubu iliyokuwa imekaza mwezi wa kwanza inakuwa imelegea mwaka wa pili, na hakuna mtu aliyeigusa.

Ya tatu ni kurefuka kwa joto, kaka ameshaeleza. Inarefuka kuliko shaba, kuliko chuma, kuliko shaba nyeupe ya soketi. Mzigo ukiwashwa inavimba chini ya skrubu na kujiminya. Mzigo ukizimwa inasinyaa na kuacha nafasi. Hewa inaingia kwenye nafasi hiyo, ngozi mpya inaota, ukinzani unapanda, joto linapanda, kuvimba kunazidi. Kila siku jioni taa zinapowashwa mzunguko huo unajirudia. Kiungio kinajiua chenyewe.

Na ya nne sikuihesabu kwa sababu si ya alumini peke yake: ukiikutanisha na shaba penye unyevu, wawili hao wanakuwa kama betri ndogo, na anayeliwa daima ni alumini.

Sasa mniruhusu niwe mkali kidogo. Hayo yote yana dawa inayojulikana, na sehemu kubwa ya maungio ninayoitwa kuyatengeneza yaliungua kwa sababu mtu alikata waya, akauchuna, akauingiza, akakaza, akaondoka. Alumini haitaki hivyo. Unaipiga brashi ya waya, brashi ambayo haijagusa shaba. Papo hapo unaipaka grisi ya maungio, ile yenye chembechembe ndani, ili hewa isirudi na chembe zivunje ngozi iliyobaki. Unatumia lagi ya alumini, kile kichwa kinachovalishwa mwisho wa waya ili ufungwe kwa boliti, au lagi yenye ulimi wa shaba na shingo ya alumini zilizounganishwa kiwandani kama unakwenda kwenye baa ya shaba, ule upau wa kugawia umeme ndani ya paneli. Unaibana kwa mashine ya kubania yenye kinywa cha saizi ile, si kwa nyundo wala koleo. Boliti unaikaza kwa spana ya kipimo, kwa kiasi kilichoandikwa. Kuzidisha nako ni kosa, maana unaifanya alumini ikimbie haraka zaidi. Na kama shaba na alumini vitakaa mahali panaponyeshewa, alumini iwe juu na shaba iwe chini. Maji yaliyopita kwenye shaba yakidondokea alumini yanaitoboa.

Kwenye paneli zangu bado napenda shaba, sifichi. Nafasi ni finyu na maungio ni mengi, pengine mia kwenye kabati moja. Lakini kebo kubwa inayoingia kutoka nje mara nyingi ni alumini, na nikiifunga mwenyewe nalala usingizi.

#9 Kichwa_Kigumu

Dada, pale kwenye "mtu alikata, akauchuna, akakaza, akaondoka" umenielezea kilichotokea kabisa. Nimeelewa sasa. Kwa hiyo njia kuu haina shida hizi kwa sababu gani? Nako kuna maungio.

#10 Fundi_Laini

Ahsante sana dada. Nimenakili ile ya maji ya shaba niwaonyeshe vijana wangu.

Mkuu, hesabu tu maungio. Nyumba ya kawaida ina makumi ya soketi, swichi na taa, na kila moja ina skrubu tatu au zaidi. Njia kuu inaweza kwenda kilomita mbili au tatu bila kiungio kimoja, kwa urefu wa waya uliomo kwenye dramu. Na kinapofika, hakuna skrubu. Ni bomba nene la chuma kwa ajili ya moyo na bomba la alumini juu yake, vimebanwa kwa mashine ya haidroli yenye nguvu ya tani nyingi. Kikibanwa, waya na bomba vinakuwa kama kitu kimoja.

Nami nikupe langu. Miaka kadhaa nyuma tuliitwa kwenye laini moja iliyokuwa inazima jioni na kurudi usiku. Tulitembea chini yake mchana, hatukuona kitu. Usiku tukarudi na kamera ya joto. Waya wote ulionekana rangi moja, wa bluu uliokoza, isipokuwa nukta moja nyeupe kwenye kishikizi cha tawi. Tulipokishusha asubuhi kilikuwa na unga mweupe kama chokaa, nyuzi mbili zimekatika, na upande mmoja wa boliti ulikuwa unazunguka kwa kidole. Ndani hapakuwa na grisi hata kidogo, na brashi haikupita: ile rangi ya kijivu ya waya wa zamani ilikuwa ipo vilevile chini ya kishikizi. Aliyekifunga alikuwa na haraka. Hatua moja kutoka pale, waya ulikuwa mzima kama siku ulipotoka kiwandani.

Siku hizo mbili zilinifundisha zaidi ya mwaka mzima wa darasani.

#11 Mwalimu_Fizikia

Wadau, naona hakuna aliyeuliza kwa nini ni alumini na si madini mengine. Nadhani panafaa kuguswa.

Kinachopitisha umeme kuliko shaba ni madini ya fedha, tena kwa tofauti ndogo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Marekani ilikuwa na uhaba wa shaba, na wajenzi wa mitambo ya kuchuja urani wakaazima fedha kutoka hazina ya serikali, zaidi ya tani 13,000, wakaisokota kuwa koili za sumaku. Baadaye ikarudishwa. Inawezekana hivyo pale panapokuwa na ulinzi na deni la kurudisha. Kwa nyaya za kutanda nchi haiwezekani. Dhahabu ni nzito kupindukia na inapitisha chini ya shaba. Sodiamu na kalsiamu zina upitishaji mzuri kwa kila kilo, hata kuishinda alumini, lakini sodiamu inawaka ikikutana na maji. Ukizungusha orodha yote, madini mepesi, yanayopitisha vizuri, yanayokubali kuvutwa kuwa waya na kuvumilia mvua, yanabaki alumini.

Na iko kila mahali. Asilimia 8 hivi ya uzito wa gamba la dunia ni alumini, hakuna metali nyingine inayoifikia. Shaba haifiki hata sehemu moja ya mia ya asilimia moja. Ila alumini haipatikani ikiwa peke yake, imeshikana na oksijeni kwa nguvu sana. Mwaka 1884 ilikuwa bado ni kitu adimu kiasi kwamba kilele cha mnara wa Washington kilipambwa kwa kipande chake cha kilo chini ya tatu. Miaka miwili tu baadaye, 1886, Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja peke yake bila kujua la mwenzake, wakagundua namna ya kuitenga kwa umeme ndani ya kriolaiti, aina ya madini, iliyoyeyushwa. Njia hiyo ndiyo inatumika hadi leo. Kilo moja inakula yuniti 13 hadi 15 za umeme, ndiyo sababu viwanda vyake vinapenda kukaa karibu na mabwawa makubwa ya umeme. Kuyeyusha ya zamani kunataka kama asilimia 5 tu ya nguvu hiyo, kwa hiyo waya uliochakaa unaposhushwa unarudi kiwandani.

Ndivyo umeme ulivyoizaa alumini, na kabla ya karne kwisha alumini ikaanza kubeba umeme.

#12 Kijana_wa_Cheti

Habari zenu wakubwa. Mimi ndiye niliyesema ile kauli juu ya nguzo. Shikamoo bosi.

Nimesoma uzi wote. Leo kazini nimeomba kipande cha Rabbit kilichobaki, nikakata mita moja kamili nikaifungua uzi mmoja mmoja. Nikaazima mizani ndogo. Uzi mmoja wa alumini umesoma gramu 24. Ule wa chuma, unene uleule, gramu 69. Zote saba pamoja, gramu 214.

Nikapiga hesabu ya shaba kwa namna yako. Alumini ya Rabbit ni milimita za mraba 53 hivi, shaba ya kulingana nayo kwa ukinzani ni kama 32. Mita moja ya shaba hiyo inakuja gramu 287. Yaani alumini pamoja na chuma chake chote bado ni nyepesi kuliko shaba tupu. Nimerudia hesabu mara tatu, nikidhani nimekosea mahali.

#13 Fundi_Laini

Marahaba kijana wangu. Hujakosea.

Na bado hujagusa nguvu ya kuvutwa. Rabbit inakatika kwenye kilonewtoni 18 hivi. Tafuta nguvu ya shaba ngumu, megapaskali 400 au pungufu kidogo, zidisha kwa 32 zako, uniletee jibu. Kesho uje na kile kipande, na brashi mpya. Kuna tawi la kufunga, na utalifunga wewe.